Karatasi Ile Hukuisoma, Baba

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimenyamaza kidogo hapo, kama nilivyozoea, nikingoja marahaba yako iliyokuwa ikianzia puani kabla ya kufika mdomoni. Ni miezi saba sasa tangu wanaume wakubebe kukupeleka kwenu Mkokotoni, na mimi nikabaki huku Michenzani na wanawake wenzangu, nikisikia miguu yao ikishuka ngazi. Tangu siku hiyo sijamwamkia mtu mwengine ndani ya nyumba hii.

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto. Mwandiko huu unaujua, uliuona ukizaliwa.

Naiandika wazi, asomaye asome. Jumatatu nitasimama tena kwenye ofisi inayosikiliza malalamiko ya bima, na nitasema jambo ambalo mimi, wewe na marehemu Mama tulilificha miaka yote. Wanafunzi wako watalisikia tu, maana mji huu haukai na neno. Bora walisikie kwangu, tena tangu mwanzo wake, kuliko kulipata barazani likiwa limeshatiwa chumvi.

Nilikuwa darasa la pili nilipoanza kukusomea. Mama alinipa bili ya umeme akaniambia nikuletee, nawe ukairudisha mkononi mwangu. "Nsomee, mwanangu. Macho yangu leo mazito." Nikasoma kwa kukwamakwama, ukanisifu, ukanipa ubuyu. Kesho yake macho yakawa mazito kwa gazeti. Wiki ile ile yakawa mazito kwa barua ya skuli na kwa maelezo ya dawa ya kikohozi. Lakini ukifungua msahafu wako wenye herufi ndogo kama ufuta, macho hayohayo yalikuwa mepesi, unamsahihisha mtoto wa mstari wa nyuma wa chuo chako cha Kurani na huku umeinamia kitabu chengine. Nami na ulimi wangu huu uliokuwa ukiulalamikia, nikakuuliza mbele ya Mama, "Baba, mbona macho yako yanachagua?" Mama alinifinya paja mpaka nikaona nyota.

Baadaye jikoni ndipo aliponieleza. Hukupelekwa skuli. Ulisoma chuoni, Kurani na vitabu vyake, na Kiswahili ukakiandika kwa herufi za Kiarabu kwa mkono mzuri kuliko wote niliowahi kuuona. Herufi za skuli ndizo hukuzijua, na ukubwani ulikuwa umeshaitwa Maalim, nusu ya mtaa ikikupa mkono kwa heshima. Ungemwendea nani useme hujui a wala be? "Babaako anaona haya," Mama alisema. "We msomee, na mtu asijue." Kabla hajafariki alinikumbusha neno hilohilo. Wengine huachiwa mikufu na mama zao. Mimi niliachiwa macho yako.

Nikakusomea miaka thelathini, na sikuwahi kuchoka. Ulikuwa ukikaa kwenye kile kiti chako cha kamba, mimi chini mkekani nashona kofia, nikifika mwisho wa safu naweka sindano, nachukua gazeti, nakusomea habari mbili tatu, narudi kwenye sindano. Kofia za mkono, zile za vitundu vidogo ambavyo kila kimoja lazima ukizungushie uzi. Kofia moja miezi mitatu, minne. Ulikuwa ukisema mkono wangu wa kulia una subira, ila mdomo ndio umenyimwa.

Sasa niseme la ajali, kwa sababu wapo watakaosoma bila kujua. Nilikuwa nimesimama pembeni ya barabara asubuhi, mbele ya duka la vitambaa, nimebeba kofia mbili za kupeleka kwa mnunuzi. Gari ya hoteli iliyotoka Paje kuleta wageni mjini ikamkwepa mwendesha baiskeli, ikapanda ukingo, ikanibana mkono kwenye ukuta. Sikuanguka hata. Nilisimama vilevile nimeshikwa na gari, kofia moja iko chini, na dereva, kijana Makame, analia kuliko mimi.

Hospitali walijitahidi, na mkono wakaubakisha. Upo. Ila vidole vitatu havina habari na mimi, na vile viwili vilivyobaki haviwezi kubana hata jani, sembuse sindano.

Kuna jambo la siku zile ambalo sijawahi kukushukuru. Nilipotoka hospitali nilikuwa nikijificha jikoni nile kwa mkono wa kushoto. Nilizikumbuka kelele zako chuoni kwa kila mtoto aliyepeleka mkono huo kwenye sahani. Ukanifuata jikoni siku ya tatu. Ulikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, ukanawa, ukafinyanga tonge la wali na mchuzi wa pweza ukaniletea mdomoni, mimi mwanamke wa miaka thelathini na nane. Nikala, ukafinyanga jengine. Tonge la tano ukasema, "Kwa udhuru hapana makosa. Na mbele yangu usijifiche." Siku ile niliulilia mkono wangu kwa mara ya kwanza.

Wiki ya sita wakaja wageni. Wewe na mimi tunaijua siku hiyo, lakini hatukuwahi kuizungumza mpaka ulipoondoka, na sasa naizungumza peke yangu.

Alikuja Mzee Khatib, mwanafunzi wako wa zamani, mjomba wake Makame. Alikuja na wazee wawili wa msikitini kwao, wamebeba mchele na sukari, wamekuja kuomba radhi kama watu waungwana wanavyofanya. Nyuma yao alikuwamo kijana mmoja mwenye faili, ambaye hatukumjua. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, na dawa za maumivu zimenilegeza. Nilisikia kila kitu. Mzee Khatib alianza kwa kulia. Alisema Makame hali, halali, gari iko polisi, na kwamba amekuja kwako kama mtoto anavyomwendea mzazi wake.

Nawe ukasema, "Khatib, mwanangu, nyamaza. Ajali kudra yake Mola. Mie nshasamehe, na mwanangu kasamehe."

Hukuniuliza. Lakini ungeniuliza ningekubali, Wallahi, kwa sababu Makame hakuwa na ubaya na mimi wala mimi na yeye.

Ndipo kijana wa faili akatoa karatasi. "Hii ya masikilizano tu, Maalim. Gari iachiwe polisi, kijana arudi kazini." Nikachungulia pembeni ya pazia. Nilikuona ukitoa miwani mfukoni. Ukaivaa. Ukaishika karatasi kwa mikono miwili, ukaitazama kutoka juu mpaka chini, midomo yako ikichezacheza kama mtu anayesoma. Wazee wakakungojea kwa adabu. Ulipofika chini ukaitikia kwa kichwa, ukachukua kalamu, ukatia saini yako ile ya Kiarabu yenye mkia mrefu. Halafu ukaja kwangu na wino. "Tia dole, mwanangu. Watu hawajanywa kahawa."

Nimewaambia watu wengi kwamba nilikuwa nimelewa dawa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nilisoma, Baba. Macho yangu yaliangukia mstari wa nne: *amepokea fidia kamili na hatadai tena popote*. Nilikuona umesimama mbele yangu, miwani bado usoni, na nyuma yako wanaume wanne wanasikiliza. Ningesema nini? Kusema "Baba, hukuisoma hii" ilikuwa ni kukuvua nguo mbele ya mwanafunzi wako. Nikatia dole gumba la kushoto. Fidia kamili ilikuwa ule mchele na ile sukari.

Niliambiwa baadaye na Bi Asha, msaidizi wa sheria wa shehia yetu, kwamba gari ile ina bima, na bima kazi yake ndiyo hii, kumlipa aliyeumia asiyeweza tena kula kwa jasho lake. Kumsamehe Makame ni jambo langu na Makame na Mola wetu. Bima haikuniomba radhi, wala haikuwa na haja nayo. Nikajaza fomu. Nikapeleka vyeti vya hospitali. Yule kijana wa faili, kumbe ni wa huko huko bima, akanitazama mkono akaniambia kwenye orodha yao kuna waliopoteza kiungo, na mimi sikupoteza. "Mkono si upo, bibi?" Nikamwambia basi na auchukue yeye akashonee kofia. Bi Asha alinivuta buibui.

Kisha ikaja barua yao. Nilikusomea, ukiwa kwenye kiti chako cha kamba. Nikasoma salamu, nikasoma kumbukumbu namba, nikasoma kwamba maombi yangu hayakukubaliwa. Ilikuwapo sentensi moja zaidi, na hiyo nikairuka: *baba wa mdai aliisoma na kuisaini hati ya masikilizano mbele ya mashahidi, na kwa hiyo dai limefungwa*.

"Ndo basi?" ukauliza.

"Ndo basi, Baba."

Ukaiomba barua ile, ukaikunja, ukaitia mfukoni. Nilidhani unataka kuiweka tu.

Baada ya hapo tukaanza zile alasiri zetu. Nilinunua daftari la mistari mipana, la watoto wa darasa la kwanza, nifundishe mkono wa kushoto kuandika. Kila ukirudi kuswali ulivuta kiti karibu yangu, tasbihi mkononi, ukatazama. Herufi zangu zilikuwa vituko. Nikiandika a inalala, be inaanguka, na ile es ndiyo iliyonishinda kabisa, kila nikiiandika inageuka inatazama ilikotoka. Mimi nacheka, nachana karatasi, nawe unauliza, "Na hiyo ndo ipi?" Nakutajia. "Na ikikaa na ile pale yasemaje?" Nakutajia tena. Nikadhani unanipa moyo. Nilifurahi, Baba. Nilisema moyoni kwamba mkono umenipotea lakini nimepata alasiri za kukaa na wewe kama mtoto. Karatasi nilizozichana nusu na kuzitupa, sikuuliza zilikwenda wapi.

Idi ya mwisho ulivaa ile kofia yako niliyoiacha nusu kabla ya ajali, mbele imejaa vitundu, nyuma nyeupe tupu. Nilikusihi uvae nyengine. Ulikataa, ukaenda nayo msikitini, na waliokuuliza uliwaambia ndiyo fasheni ya sasa. Wiki tatu baadaye kifua kikakubana, na siku ya nne ukaondoka.

Ofisi ya malalamiko ilituita miezi miwili iliyopita. Kabla ya siku hiyo nilimweleza Bi Asha siri yako. Nilimweleza nikilia, naye akaniambia hiyo ndiyo kesi nzima: mtu hawezi kufunga haki kwa karatasi asiyoijua, na haki yenyewe si yake. Tukakubaliana nitasema. Nilijizoeza mbele ya kioo. "Baba yangu hakuwa akijua kusoma herufi hizi." Maneno saba tu.

Nilipoingia nikamkuta Mzee Khatib amekaa kwenye viti vya mashahidi, amevaa kanzu nyeupe, ameniinamishia kichwa. Aliulizwa, akajibu kwa upole, wala hakusema uongo. "Naam. Maalim alivaa miwani yake akaisoma yote. Mie nlikuwa nimekaa hivi, yeye hivi." Alisema wewe ndiye uliyemfundisha kushika kalamu.

Mama aliyeongoza kikao akanigeukia. "Bibi, marehemu alikuwa anajua kusoma?"

"Maalim Vuai? Kasomesha nusu ya watu wa mtaa wetu."

"Nnauliza karatasi hii. Aliisoma?"

Nilimwona Mzee Khatib amenyanyua uso. Niliona midomo yako ikichezacheza juu ya karatasi ile.

"Aliisoma," nikasema.

Kalamu ya Bi Asha ilianguka. Kijana wa bima akaandika neno langu, akalipigia mstari. Yule mama, kama mtu aliyejua kuna kitu, akasema kikao kinaahirishwa, na kama tuna ushahidi mpya tuulete mara hii moja, halafu watatoa uamuzi. Njiani Bi Asha hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mize, utakula nini?" Ninaishi kwa anachoniletea dada wa jirani, na anachoniletea kinapungua, na simlaumu, naye ana watoto.

Mwezi uliopita nikaamua kutoa vitabu vyako viende chuoni, wanafunzi wako wanufaike. Ndani ya kile kitabu kikubwa cha Kiarabu cha tafsiri ya Kurani, ambacho ulijua hakuna mtu mwengine wa kukifungua nyumbani humu, nikakuta karatasi zangu. Zile nilizozichana. Umezinyoosha, umezipanga. Chini ya kila mstari wangu mbovu kuna mstari wako, mbovu zaidi. a yangu, a yako. be yangu, be yako. Na pembeni, kwa mkono wako mzuri wa Kiarabu, umeandika kila herufi inaitwaje, kama ulivyokuwa ukiwafanyia watoto.

Katikati ya karatasi hizo ilikuwemo barua ya bima. Ile sentensi niliyoiruka umeipigia mstari. Ulichukua muda gani kuisoma, Baba? Miezi mingapi, herufi moja moja, na mimi nimekaa miguuni pako nacheka es yangu? Ulijua kwamba nilikuficha. Ukaniacha niendelee kudhani nimekusitiri.

Na mwisho kabisa, ukurasa wako peke yako. Naunakili kama ulivyo:

*mimi vuai sikujua kusoma karatasi ile. nilivaa miwani kwa haya. mwanangu alijua akanisitiri asilaumiwe. dereva nimemsamehe. mkono si wangu mimi kuusamehe. mkono ni wa m*

Hapo umeishia. Sijui ulichoka, au adhana iliita, au ndiyo asubuhi ile kifua kilipokubana. Niliukalia ukurasa ule mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikajifunga buibui nikaukimbiza kwa Bi Asha, nimefurahi kama mwendawazimu, nikimwambia ushahidi mpya huu hapa, kauandika mwenyewe.

Bi Asha aliusoma mara mbili. Akachukua fomu ya malalamiko niliyoijaza kwa mkono wa kushoto, akaziweka pamoja mezani. "Tazama es zake," akaniambia taratibu.

Nikatazama. Kila es yako imegeuka, Baba. Inatazama ilikotoka. Hukuwa na mwalimu mwengine, ulidhani ndivyo inavyoandikwa. a yako imelala kama yangu, be yako inaanguka upande uleule. Umejifunza herufi pamoja na makosa yangu yote. Mtu yeyote asiyetujua atakayeziweka karatasi mbili hizi pamoja ataapa zimeandikwa na mkono mmoja.

"Watasema umejiandikia," Bi Asha alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Najua watasema. Yule kijana wa faili atatabasamu. Huenda nikashindwa, nikarudi Michenzani na mkono wangu huu ulio kwenye orodha ya waliopona. Nina hofu, sikufichi, na usiku na mchana naulilia ukurasa mmoja kama kwamba wewe umekufa mara ya pili. Lakini hasira zangu kwako, zile nilizokuwa nimezimeza tangu siku ya mchele na sukari, zimekwisha. Ulinifunga kwa haya yako, mimi nikakufunga kwa haya yangu, na aliyejaribu kutufungua kwanza ni wewe, na umri wako ule.

Basi Jumatatu nakwenda. Nimemwendea Mzee Khatib nikamwambia mwenyewe, ili asije akalipata mbele ya watu. Akauliza, "Ile siku ya kahawa, hakuwa anasoma?" Nikamwambia hapana. Akafunika uso kwa kofia yake. Halafu akasema atakuja, na akiulizwa safari hii atasema alichokiona na pia asichokijua. Sijui kama litasaidia.

Nikiulizwa aliisoma, nitasema hakuisoma. Kisha nitaomba ruhusa niusome ukurasa wako kwa sauti, mbele yao wote, kama nilivyokuwa nikikusomea bili na gazeti. Nitausoma mpaka pale ulipoishia, na mara hii sitaruka hata neno moja.

Lala salama, Maalim wangu. Nami niwie radhi, kama nilivyokwisha kukuwia radhi wewe.

Ni mimi mwanao, uliyeniachia macho yako,

Mize